Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Siku Mwanne alipomrudishia Limi dumu la maziwa likiwa limejaa vilevile, hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Alilisogeza tu mpaka ilipoegemezwa baiskeli, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya chini ili wateja waliokuwa wakinywa chai wasisikie.

"Mama Lau, haya ya juzi yamekataa kuganda. Nimeyaweka siku mbili nzima. Yameanza kunuka, lakini kuganda hayajaganda."

"Labda mtindi uliochachushia ulikuwa umechoka," Limi akajibu.

"Mtindi ni uleule. Maziwa ya mama Gerald nimeyachachusha kwa mtindi huohuo, ndoo ya pembeni, yameganda mpaka kijiko kinasimama."

 Limi alilifunga dumu kwenye keria ya baiskeli, akaondoka. Njia nzima kutoka Kimamba stesheni hadi kwake, ng'ambo ya mashamba ya zamani ya mkonge, alikuwa na neno moja tu kichwani. Mama Gerald. Kumbe Mwanne alikuwa ameshapata mtu mwingine wa kumletea maziwa. Na mtu akitaka kumwacha mwenzake, hawezi kukosa sababu. Leo hayagandi, kesho yana maji, keshokutwa yana nywele.

Limi hakuwa mtu wa kuamini upesi, na waliomfahamu hawakumlaumu kwa hilo. Alizaliwa Meatu, akaolewa na Mashauri akiwa na miaka kumi na tisa, na miaka michache baada ya harusi wakaanza safari ya kufuata malisho ambayo haikuisha mpaka walipofika bonde la Kilosa na ng'ombe wao na watoto wawili. Hapa waliwakuta wenyeji wakilima mpunga na mahindi, na wenyeji wakawatazama kama mvua ya mawe. Ulikuwapo ugomvi wa mashamba miaka ile, na Limi aliuona kwa macho yake. Alipoanza kupeleka maziwa Kimamba, hakuna aliyenunua. Walisema Wasukuma wanaosha vibuyu kwa mkojo wa ng'ombe. Walisema wanaongeza maji ya bwawani. Alipita mlango kwa mlango, na kila mlango ulifungwa kwa adabu.

Mwanne ndiye wa kwanza kumfungulia. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mwenyeji hasa, mwenye kibanda cha chai na mtindi karibu na stesheni. Hata yeye hakufungua kwa kuamini. Alimwambia Limi asimame palepale, akachemsha maziwa mbele yake, akayaonja, akayaweka, akamwambia arudi kesho. Kesho yake yalikuwa yameganda vizuri, Mwanne akamwambia alete tena. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka tisa. Wawili hao hawakuitana dada. Hawakutembeleana wakati wa sikukuu. Lakini kila baada ya siku moja Limi alifika kabla jua halijawa kali, na Mwanne alikuwa anamsubiri. Kwa Limi hiyo ilikuwa inatosha.

Mara ya pili maziwa yaliganda. Mara ya tatu hayakuganda. Mara ya nne yaliganda nusu, juu mazito, chini maji maji kama uji uliokosewa. Limi aliona kwamba mtu anayetafuta sababu asingekuwa na mchezo wa namna hiyo, leo ndiyo kesho siyo. Hata hivyo hakumwondoa Mwanne kwenye orodha ya watu aliokuwa akiwadhania. Alimsogeza nyuma kidogo tu.

Maneno nayo yakaanza kutembea. Kimamba ni mji wa reli, na neno linalosemwa kwenye kibanda cha chai asubuhi hufika sokoni kabla ya adhuhuri. Ikasemwa kwamba maziwa ya yule mama Msukuma hayagandi kwa sababu anayatia ile dawa ya kuhifadhia maiti, yakae muda mrefu bila kuharibika. Limi alilisikia neno hilo kwa mwendesha bodaboda aliyekuwa akimwambia abiria wake, bila kujua kwamba aliyesimama nyuma yao na baiskeli ndiye mwenyewe.

Kisha likatokea la Mwanvua.

Mwanvua alikuwa mdogo wake Mwanne, mama wa watoto watatu, aliyekuja kumsaidia dada yake kukaanga chapati. Asubuhi moja alikunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa. Haikupita saa moja, mwili ukamwasha, vikatoka vipele vikubwa bapa shingoni na mikononi, midomo ikavimba. Wakamkimbiza zahanati. Muuguzi alipomwona tu akaomba kadi yake ya kliniki, akaikuta imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba mama huyu asipewe penisilini kabisa. Ilimdhuru alipojifungua mtoto wa pili. Muuguzi akamuuliza nani amemchoma sindano. Mwanvua akasema hajachomwa. Akaulizwa kameza vidonge gani. Akasema hajameza kitu, amekunywa chai tu. Walimpa dawa, wakamlaza pale chini ya uangalizi mpaka jioni, uvimbe ukashuka.

Limi alipofika siku iliyofuata na dumu lake, Mwanvua alikuwa amekaa kwenye benchi, kope bado nzito. Safari hii Mwanne hakushusha sauti.

"Mama Lau, mimi sijui unatia nini na sitaki kujua. Usilete tena."

"Nimetia nini mimi? Ninakamua, ninachuja, ninaleta."

"Mtazame mdogo wangu usoni."

Limi alimtazama. Aliangalia kwa makini, kama alivyozoea kuangalia kila kitu, kwa sababu ndani yake bado kulikuwa na sauti iliyouliza kama haya si maigizo. Lakini uso haudanganyi kwa kiasi kile. Ngozi ya shingo ilikuwa imechubuka kwa kujikuna.

"Muuguzi amesema inafanana na penisilini," Mwanvua akasema taratibu. "Mimi sijachomwa penisilini, mama. Nimekunywa chai."

Limi akarudi na dumu limejaa. Njiani alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma kwa mkono. Alihitaji kufikiri, na miguu yake ilifikiri vizuri ikiwa chini.

Kama kitu kilikuwa ndani ya maziwa, kilitiwa nyumbani kwake. Na nyumbani kwake walikuwapo watu watatu tu siku zile. Mwanawe Laurent alikuwa mbali, mbuga ya Mkata, na kundi kubwa. Nyumbani walibaki ng'ombe watano wa maziwa, Limi, mumewe Mashauri, na Winnie, mke wa Laurent.

Winnie alitoka Magomeni, Kilosa mjini. Alimaliza kidato cha nne, alikuwa na simu nzuri, na alikuwa na namna yake ya kufanya mambo. Yeye ndiye aliyekuwa akikamua siku hizi, kwa kuwa vidole vya Limi vilianza kukaza. Yeye ndiye aliyeosha madumu, na aliyaosha kwa sabuni ya unga yenye harufu ya maua. Kabla ya Winnie maziwa yaliganda miaka tisa. Limi alipofika kwenye wazo hilo hakulipenda, lakini hakuliacha.

Kwa siku nne alimfuata mkwewe kama kivuli. Winnie akikamua, Limi alisimama nyuma yake akijifanya anashika ndama. Winnie akiosha dumu, Limi alilinusa baadaye. Alifungua begi la Winnie siku alipokwenda kisimani, akakuta nguo, cheti cha shule, na chupa ya mafuta ya nywele. Aliinusa na hiyo. Kuhusu dawa za mifugo alikuwa na uhakika, kwa sababu zilikaa kwenye bati la biskuti lenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni kwake. Hata hivyo alilifungua akatazama. Chupa mbili zilikuwamo, zimejaa kiasi kilekile alichokikumbuka.

Kufuli hilo lilikuwa na kisa chake. Mwaka uliotangulia Mashauri alimchoma sindano ndama jike aliyekuwa na homa, na ndama akaanguka papo hapo, akafa. Daktari wa mifugo wa kata, binti anayeitwa Editha, alifika, akauliza maswali, akasema kwamba huenda dawa ilikwenda kwenye mshipa wa damu badala ya nyama, na kwamba kipimo kilikuwa kikubwa mno kwa mnyama mdogo. Hakusema kwa ukali. Lakini alisema mbele ya Laurent na mbele ya majirani. Tangu siku ile Limi alishika ufunguo, na mnyama akiumwa alipigiwa simu Editha. Mashauri hakubisha. Alivaa koti lake, akaenda kukaa zizini.

Siku ya tano Winnie aliweka ndoo chini, akasimama.

"Mama, tangu wiki iliyopita unanihesabu vidole. Kama kuna neno, niambie."

"Hakuna neno."

"Lipo. Maziwa hayagandi na mimi ndiye ninayekamua. Ningekuwa wewe ningenidhania mimi vilevile." Alisema bila kupandisha sauti. "Basi tufanye hivi. Kila ng'ombe maziwa yake peke yake. Tuyachemshe, tuyapoze, tutie kijiko cha mtindi kila moja, tuone ya nani yanakataa. Kama yote yatakataa, basi ni mikono yangu au sabuni yangu, nami nitarudi kwetu."

Limi alikubali. Winnie akatafuta vikopo vitano vya plastiki, akaviandika majina kwa kalamu ya wino mzito: Mabaka, Kahawia, Pembe, Nyota, Bibi. Akavipanga juu ya kabati la vyombo, akavifunika.

Limi naye, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, aliyakamua yake pembeni asubuhi ileile, akayatia mtindi, akayaweka kwenye vikombe vitano vya bati chini ya kitanda chake. Kusoma hakujua, kwa hiyo aliweka vijiwe: kijiwe kimoja mbele ya kikombe cha Mabaka, viwili mbele ya Kahawia, hivyo hivyo mpaka vitano. Kama vikopo vya Winnie vingesema jambo moja na vikombe vyake jambo jingine, angejua amelala nyumba moja na nani.

Asubuhi ya pili yake alivitazama vyake kwanza. Kijiwe cha tatu, maziwa yameganda. Cha nne, yameganda. Cha tano, yameganda vizuri kabisa. Kijiwe cha kwanza na cha pili, maziwa yalitikisika kama maji. Akaenda jikoni. Winnie alikuwa ameshafunua.

"Mabaka na Kahawia," Winnie akasema. "Hao wawili tu."

Limi alisimama kwa muda, mkono kwenye mlango. Mikono ilikuwa ileile, sabuni ileile, dumu lilelile. Ng'ombe ndio waliotofautiana. Akatoka akaenda zizini bila kusema chochote, hata neno ambalo mkwewe alistahili kuambiwa.

Mabaka alikuwa ng'ombe mpole, wa kushikwa hata na mgeni. Limi alipompitishia kiganja shingoni, ng'ombe akaruka pembeni, macho yakamtoka. Limi akambembeleza, akamshika tena. Chini ya ngozi kulikuwa na uvimbe mgumu kama yai, na pembeni yake mwingine mdogo. Akamwendea Kahawia. Uvimbe ulikuwapo pale pale, upande wa kulia. Akainama akashika viwele vyao. Robo moja ya kiwele cha Mabaka ilikuwa ya moto na ngumu. Kahawia alikuwa na chuchu moja iliyovimba kidogo.

Mtu alikuwa anawachoma sindano. Na alikuwa na chupa yake mwenyewe, isiyolala kwenye bati la biskuti.

Hao wawili, Mabaka na Kahawia, hawakwenda malisho ya mbali pamoja na wenzao. Mabaka alikuwa anachechemea tangu masika, na Kahawia hakuwa anaachana naye. Walilishwa karibu na nyumba, kwenye majani ya kando ya mfereji, na aliyewalisha alikuwa mmoja. Limi alijaribu kumfikiria mtu mwingine yeyote. Alimfikiria jirani mwenye shamba la mpunga, ambaye waligombana naye zamani. Alimfikiria hata Laurent, aliyepita nyumbani majuma matatu nyuma. Alikuwa tayari kumshuku nusu ya kata kuliko kumshuku mzee aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na tano.

Hakulala sana. Kulipokucha, baada ya kukamua, alimwambia Winnie anakwenda kisimani, akazunguka nyuma ya ghala la mahindi, akasimama.

Mashauri alitoka na fimbo yake, koti limefungwa vifungo ingawa joto lilikuwa limeshaanza. Akamwita Mabaka kwa mluzi. Akamshika kiwele, akakibonyeza kwa upole kwa vidole vyote, akitikisa kichwa. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa chupa na bomba la sindano. Aliiinua chupa usawa wa jua, akaisogeza mpaka karibu iguse jicho lake la kushoto, halafu la kulia, akaishusha. Hakuona kitu. Akavuta dawa kwenye bomba, akapima kwa kucha ya dole gumba. Akaifuta sindano kwenye suruali.

"Baba Lau," Limi akasema.

Mzee hakushtuka sana. Aligeuza kichwa upande ilikotoka sauti, bomba bado mkononi.

"Anaumwa chuchu," akasema. "Nilimshika wiki tatu zilizopita nikajua. Ninyi wenye macho hamkujua."

"Umemchoma mara ngapi?"

"Kila nikiona hajapoa."

"Mara ngapi?"

"Nne. Tano. Na huyu mwingine mara tatu. Kidogo kidogo, siyo kama yule ndama. Ninatia nusu. Ninajua dawa ni kali."

"Na maziwa tumekuwa tukiyapeleka kwa watu."

Mashauri alionekana kutoelewa kwa dhati. "Maziwa yana nini? Mimi nimechoma shingo. Sikuchoma kiwele."

Limi alitaka kukasirika. Alikuwa ameziweka hasira zake tayari kwa muda mrefu, zikimsubiri mtu. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa mzee anayetazama pembeni kidogo ya pale alipokuwa amesimama, na mtu huyo ndiye aliyewavusha na ng'ombe kutoka Meatu bila kupoteza hata mmoja njiani. Akamtoa bomba mkononi, taratibu, asijichome.

"Nipe na chupa," akasema.

Editha alifika kwa pikipiki saa nne. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye mabuti ya mpira na sanduku la dawa nyuma.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," wakaitikia, Mashauri kwa sauti ya chini.

Aliiomba chupa, akaigeuza. Ilikuwa dawa nyeupe ya penisilini iliyochanganywa na dawa nyingine, ile ambayo wafugaji wengi huinunua. Tarehe kwenye karatasi yake ilikuwa imefutika.

"Uliinunua wapi, baba?"

"Mnadani. Kwa mtu aliyetandika chini."

"Na umeiweka wapi?"

Mashauri alionyesha paa la banda la ndama, katikati ya boriti na bati. Editha akapapasa bati, akaondoa mkono haraka. Lilikuwa la moto.

"Hii siwezi kujua kama ilikuwa nzima hata ulipoinunua," akasema. "Na kama ilikuwa nzima, joto hili limeshaiharibu. Si lazima iwe imekufa yote. Ndiyo maana imebaki na nguvu ya kuzuia mtindi na kumdhuru yule mama mliyenieleza, lakini haina nguvu ya kumponya ng'ombe."

Limi alimkazia macho. "Unasema kweli ilipita kutoka shingoni ikaingia kwenye maziwa?"

"Ukimchoma popote, mama, inaingia kwenye damu, na maziwa yanatoka kwenye damu. Hata ukiyachemsha haiishi. Mtindi ni vijidudu vizuri, nayo dawa inaua vijidudu bila kuchagua. Ndiyo maana hayakuganda."

"Na mimi nilitia nusu," Mashauri akasema, kama mtu anayejitetea mbele ya baraza.

Editha alichuchumaa mbele yake, wakawa usawa mmoja. "Nusu ndiyo mbaya zaidi, baba. Vijidudu vya kiweleni vinaonja dawa, havifi, vinaizoea. Kesho ukija na kipimo kamili vinakucheka."

Akatoa kamba ya kupimia, akaizungusha kifuani kwa Mabaka nyuma ya miguu ya mbele, akasoma uzito. Akakamua maziwa ya ile robo mbovu kwenye kikombe cheusi, akawaonyesha mabonge madogo. Alisema ile dawa nyeupe haiendelei, ataleta nyingine, na hiyo nyingine atawachoma mwenyewe, kwa kipimo cha uzito wao, kwa siku zote zilizoandikwa, hata kama ng'ombe wataonekana wamepona siku ya pili. Kila mnyama na sindano yake mpya. Dawa ikiwa nyingi igawanywe sehemu mbili za mwili, isirundikwe mahali pamoja ikaacha uvimbe. Na kabla ya kusukuma, bomba livutwe nyuma kidogo. Damu ikionekana, sindano itolewe ihamishwe.

Aliposema hilo la damu, Mashauri aliinamisha uso. Hakuna aliyemtaja ndama.

"Na maziwa?" Limi akauliza.

"Ya hawa wawili mnamwaga shimoni. Asinywe mtu, wala msimpe ndama. Mtahesabu siku kuanzia sindano ya mwisho, siyo ya kwanza. Kila dawa ina siku zake, zimeandikwa kwenye karatasi, Winnie atasoma. Na nyama ina siku zake, ni nyingi zaidi. Msimuuze wala kumchinja mpaka ziishe. Ili msichanganye, wafungeni kitambaa kwenye pembe, rangi ya kuonekana."

Winnie akachana kitambaa chekundu, akafunga kwenye pembe za Mabaka na Kahawia. Editha akaichukua ile chupa ya mnadani pamoja na sindano, akavitia kwenye kopo lake lenye mfuniko.

Mchana ule, walipokuwa peke yao jikoni, Limi alikaa kwenye kigoda akimtazama mkwewe akichambua mchicha.

"Nilikudhania vibaya, mwanangu."

"Nilijua, mama."

"Nilifungua na begi lako."

"Nalo nilijua. Nguo ulizikunja vizuri kuliko nilivyozikunja mimi." Winnie aliendelea kuchambua. "Na vikombe vya chini ya kitanda nilivikuta nikifagia."

Limi akainua uso. "Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona kama vyako vitasema tofauti na vyangu. Mimi nami nilikuwa na mashaka yangu juu yako."

Hapo Limi alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya majuma mawili, na Winnie akacheka kwa shida, kama mtu ambaye bado anaumwa mahali.

Kwa Mwanne alikwenda mikono mitupu, bila dumu. Alimkuta yeye na Mwanvua, akaomba wakae pembeni ya kibanda. Akawaeleza yote kama yalivyokuwa: chupa ya mnadani, macho ya mzee, sindano tano, maziwa. Hakumficha mumewe. Mwanvua alisikiliza akijishika shingo.

"Kwa hiyo ilikuwa penisilini kweli," akasema. "Nami watu wamenicheka, eti nimekula samaki mbovu nikasingizia chai."

"Ilikuwa kweli. Nimekuja kuomba radhi."

Mwanne aliitazama treni ya mizigo mpaka ikapita.

"Na leo kwa nini nikuamini?" akauliza.

"Usiniamini," Limi akasema. "Nitakuletea ya ng'ombe watatu tu, wale wazima. Ondoa kikombe kimoja, kigandishe, na mengine usimpe mtu mpaka uone. Yakikataa, yamwage yote."

Mwanne alifanya hivyohivyo, na akaendelea kufanya hivyo kila dumu lilipofika, la Limi na la mama Gerald pia. Mwanvua alirudi kukaanga chapati, lakini chai yake anakunywa ya rangi, na Limi hakumshawishi kubadili.

Kahawia alipona. Mabaka alibaki na robo tatu tu za kiwele. Ile ya nne ilikauka moja kwa moja. Mashauri alinyamaza majuma mawili. Kisha siku moja Editha alipofika kumchoma ndama wa Nyota, mzee akaja mwenyewe akamshika ndama kichwa, akamwambia binti asimame upande wa kushoto kwa sababu mnyama yule anapiga teke la kulia. Ilikuwa kweli. Tangu hapo hakuna mnyama anayechomwa bila yeye kumshika kwanza na kusema wapi panauma, na Editha husema vidole vile huwahi kujua kuliko yeye. Kuhusu macho, Winnie amemwambia mara tatu kwamba Kilosa mjini kuna siku za kliniki ya macho na kwamba utando mweupe unaomziba macho unaweza kutolewa. Mzee anasema hataki mtu achezee jicho lake kwa kisu. Bado wanabishana.

Na vile vitambaa vyekundu vimeleta maneno yake. Majirani wanaopita njia ya mfereji wameanza kuulizana kwa nini ng'ombe fulani wa mama Lau hufungwa nyekundu kwenye pembe siku kadhaa, kisha hufunguliwa, na kwa nini siku hizo maziwa yao humwagwa shimoni asubuhi na mapema. Yupo aliyesema ni kafara. Juzi mmoja alisimama kabisa akauliza. Limi alimweleza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sindano, damu, kiwele, siku za kuhesabu. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake. Alipofika kwenye kona ya mkonge aligeuka, akakitazama tena kile kitambaa kwa muda, akaongeza mwendo.

Limi aliona. Akachukua ndoo, akaenda kukamua.